Fundi Aliyepima Ukuta Mara Mbili: Maisha ya Papa Ghislain Nday Mwilambwe (1953–2025)

Wasifu unaosomwa na Cécile, binti yake wa kwanza, Brussels, Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2025.

Maman, pasteur, ndugu na marafiki mliofika kutoka Laeken, Ixelles, Liège na Lille, familia inawashukuru. Wasifu huu niliuandika mara mbili. Wa kwanza ulikuwa wa kurasa mbili, mzuri, wenye tarehe zote, na ndani yake mlikuwa na uongo mmoja. Nikauchana. Mlioushika mkononi ni wa pili. Naona haya kuusoma mbele yenu, lakini papa mwenyewe aliomba jambo moja lisikatwe, na siwezi kulisema hilo bila kusema na langu. Mtanivumilia.

Papa Ghislain Nday Mwilambwe alizaliwa Kamina, Katanga, tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tatu wa Papa Mwilambwe, mfanyakazi wa reli, na Maman Banza, mkulima wa karanga. Dada yake mkubwa, Maman Bibiane, anatusikiliza kwa simu kutoka huko huko Kamina. Anasema marehemu alipokuwa mtoto alikuwa anaokota vijiwe na kuvipanga mstari mlangoni mwa nyumba. Mtu akipita na kuvivuruga, mtoto hakulia wala hakumshtaki mtu kwa mama. Alikaa chini akavipanga upya.

Alisoma shule ya msingi Kamina kuanzia mwaka 1959, kisha shule ya ufundi Likasi, upande wa uashi, akapata diploma mwaka 1972. Hesabu zilimshinda mwaka mmoja na ikabidi aurudie, jambo ambalo alitukumbusha kila tulipoleta alama mbaya nyumbani. Alifanya kazi ya ujenzi Likasi kwa miaka kumi na minane. Tarehe 11 Oktoba 1990 alishuka kwenye stesheni ya Gare du Midi, hapa Brussels, akiwa na sanduku moja la nguo na jingine la patasi, na lile la patasi ndilo lililokuwa zito. Alikuja kwa mafunzo ya mwaka mmoja ya kukarabati mawe ya zamani. Karakana iliyomfundisha haikumwacha aondoke. Alikaa nayo mpaka alipostaafu mwaka 2018, na makanisa mengi ya nchi hii yana mawe aliyoyabadilisha bila mtu kuona tofauti.

Tarehe 5 Agosti 1978, Likasi, alifunga ndoa na Maman Thérèse Ngoie, aliyekaa hapa mbele yenu. Walijaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1980 na Hénock mwaka 1984. Tulimfuata Brussels mwaka 1993, tukakaa Laeken. Maman anakumbuka vizuri matembezi yao ya Jumamosi kwenye barabara ya maduka ya Chaussée d'Ixelles. Yeye alikwenda kuangalia viatu, papa alikwenda kuangalia kuta. Alisimama katikati ya watu, akaweka kiganja ukutani, akatikisa kichwa. «Thérèse, angalia. Hii jiwe balisimamisha. Kule chini ilikuwa imelala. Itachubuka tu.» Alimaanisha kwamba jiwe ni lazima lilazwe ukutani kama lilivyolala ardhini, vinginevyo mvua italimenya. Watu walidhani muzee anaumwa. Maman alijifanya hamjui, akaingia dukani. Siku ya harusi ya Hénock picha ilichelewa nusu saa kwa sababu baba wa bwana harusi alikuwa amepiga magoti pembeni ya ngazi za ukumbi, anakagua msingi.

Aliokoka mwaka 1995, na kuanzia mwaka 2003 alikuwa shemasi katika mkutano wetu wa maombi hapa Laeken. Aliimba besi, vibaya kidogo, na kwa sauti kubwa.

Sasa nafika pale nilipopaogopa.

Mwaka 2014 karakana yake iliombwa msaada na watu wa kijiji cha Nandavadi, katika jimbo la Gujarat, India. Huko kuna hekalu la Wahindu, hekalu la Shiva, lenye umri wa miaka kama mia tisa. Tetemeko la mwaka 2001 liliangusha ukuta wake wa kaskazini, na kwa miaka kumi na mitatu mawe yake, mia nne na kumi na mawili, yalilala shambani, ng'ombe wakijikuna juu yake. Ukuta ule haukujengwa kwa udongo wala saruji. Kila jiwe lilichongwa likae na majirani zake tu, na ukilipeleka kwingine linakataa. Alitafutwa mtu anayeweza kusoma alama za patasi na kusema jiwe gani lilikaa na lipi. Karakana ikamtuma papa. Msanifu wa kazi, Bi Meenal Trivedi, alituandikia wiki hii kwamba siku ya kwanza walisikitika kumwona mzee mwenye Biblia mfukoni. Siku ya tatu kijiji kizima kilikuwa kinamwita babu.

Alikwenda misimu miwili, akarudi na daftari tatu za buluu, zilizofungwa kwa waya, zimejaa kwa penseli. Alitumia penseli kwa sababu wino unakimbia ukiloa. Humo mlikuwa na kipimo cha kila jiwe, mchoro wa kila uso wake, na jirani yake wa kulia, wa kushoto, wa juu na wa chini. Alirudi pia na hadithi, na hiyo ndiyo aliyoniomba hospitalini nisiikate.

Wanasema Nandavadi kwamba hekalu lilipokuwa likijengwa, mjane mmoja aitwaye Jivi hakuwa na jiwe la kusagia nafaka. Akachukua moja kiwanjani, jiwe lililokwisha kuchongwa kwa ajili ya ukuta wa kaskazini, akalificha nyumbani. Fundi mkuu alipolikosa akachonga jingine kuziba pengo. Mvua za kwanza zikaja, ukuta ukaanguka mahali pale pale. Wakaujenga, ukaanguka tena. Watu wakasema fundi ni mzembe, wakamnyang'anya patasi, wakamweka kubeba maji. Jivi aliona yote hayo kutoka mlangoni kwake, akanyamaza, akaendelea kusaga. Miaka mingi baadaye, siku ya sikukuu, mchana, watu wote wakiwa wamekusanyika, alikuja na jiwe kichwani. Katikati lilikuwa limelika, lina shimo kama bakuli kwa kusagiwa. Watu walitaka kumpiga. Fundi, naye amezeeka, aliweka ndoo yake chini akamuuliza swali moja tu, upande gani wa jiwe ulikuwa juu. Jivi akamwonyesha. Fundi akalipandisha mwenyewe, shimo likitazama nje. Wakamwambia angalau aligeuze, ile aibu ikae ndani. Akajibu kwamba likigeuzwa halitashika. Ukuta ule ulisimama mpaka mwaka 2001. Papa ndiye aliyelikuta jiwe la Jivi chini ya fungu la mawe, kwa kugusa lile shimo.

Alitusimulia hadithi hii mezani mara nyingi. Kwa miaka tisa, kila alipofika kwa Jivi, mimi niliinuka kwenda kuangalia sufuria.

Wengi wenu mnajua kwamba mimi na mume wangu Aristote tulipoteza mimba tatu. Baada ya ile ya tatu, mwanzoni mwa mwaka 2016, nilianza kutafuta mlango ulioachwa wazi kwa shetani, kama tunavyosema kwenye maombi. Nilimwambia pasteur Élisée kwamba nyumbani kwa wazazi kuna vitu vilivyotoka kwenye hekalu la sanamu. Nataka isikike wazi leo, kwa sababu watu wamemsema pasteur bure. Jibu lake lilikuwa hili: «Tuombe kwanza. Kisha umuulize papa wako ile ni nini.» Sikumuuliza papa, kwa sababu nilijua angenijibu, na jibu lake lingeninyima mtu wa kulaumu.

Jumamosi tarehe 12 Machi 2016 papa alikuwa kazini na maman kwenye mazoezi ya kwaya. Nilikuwa na ufunguo. Daftari zilikuwa mezani, kwa sababu alikuwa amezileta nyumbani kuzinakili vizuri kabla ya kumkabidhi mchoraji siku ya Jumatatu. Juu ya kila jalada palikuwa na doa jekundu. Kule, kuhani wa hekalu hupaka unga mwekundu kwenye kila chombo cha kazi asubuhi, nyundo, kamba, hata ndoo, akiomba mtu asiumie. Sikujua hilo. Niliona doa jekundu, nikaona ndani mchoro wa mungu mwenye kichwa cha tembo na nyoka amejikunja kwenye nguzo, ikanitosha. Niliona pia namba. Hilo ndilo linaloniumiza, niliona namba na vipimo, mwandiko wa papa, ukurasa baada ya ukurasa, na nilijua kabisa kwamba hii ni kazi ya mtu. Nikazichoma kwenye jiko la kuchomea nyama, kwenye balkoni, nikiimba wimbo wa sifa.

Jioni papa alinipigia simu.

«Cécile, ile ma-cahiers yangu ya bleu, uliiona?»

«Apana, papa.»

«Bon. Nitatafuta.»

Jumatatu alimwambia mkuu wake kwamba alizisahau kwenye treni. Alikwenda na maman mara mbili kwenye ofisi ya vitu vilivyopotea pale Gare du Midi, akajaza karatasi, akaeleza rangi ya jalada, maman akimgombeza njia nzima kwa usahaulifu wake. Namba za chaki walizoandika juu ya mawe kule India zilifutwa na mvua za Juni. Kazi ya misimu miwili haikuwepo tena. Papa alikuwa na miaka sitini na mitatu, kifua kimeanza kumsumbua kwa vumbi la mawe. Akaomba likizo, na tarehe 3 Oktoba 2016 akapanda ndege kwenda kupima mawe mia nne na kumi na mawili upya, peke yake. Alikaa miezi saba.

Na sisi huku tulifanya nini? Tulisema. Shemasi gani anaacha mke wake akaishi hekaluni miezi saba? Likizo ya nani? Ilisemwa hata kwamba chai yake ilibadilika, kwamba sasa anaweka tangawizi na maziwa mengi. Maman alikaa peke yake kwenye benchi, na akina mama wenzake wa kwaya walipata sababu za kukaa mbali naye. Tarehe 27 Novemba 2016 baraza la wazee lilimwondoa kwenye ushemasi bila yeye kuwepo. Wengine walisema asubiriwe, arudi ajieleze. Mwandishi wa baraza alikuwa na uwezo wa kumaliza jambo lile kwa sentensi moja. Mwandishi wa baraza nilikuwa mimi. Nilinyamaza, kisha nikaiandika barua kwa mkono wangu, nikaweka na mstari wa Maandiko chini yake.

Papa alirudi tarehe 6 Mei 2017, mwembamba, anakohoa. Aliisoma barua akiwa amesimama jikoni. Nadhani aliutambua mwandiko, maana yeye ndiye aliyenifundisha kuandika. Akaikunja akaiweka mfukoni. Jumapili iliyofuata alikaa safu ya nyuma, akaimba besi yake kutoka hukohuko.

Tarehe 20 Februari 2018 Mungu alinipa Océane. Mwezi wa sita nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Nilisema kulikuwa na vitu vya giza, nilivichoma kwa moto, na Bwana akafungua tumbo langu. Sikutaja nyumba ya nani. Mlipiga makofi, na papa alipiga makofi pamoja nanyi. Baada ya ibada alikuja kumbeba mtoto. Akaniambia polepole, watu wasisikie:

«Huyu mutoto, ni Mungu alikupatia. Usiseme tena ni moto.»

Basi. Ndiyo mara ya kwanza nilipojua kwamba anajua, na hakulizungumza tena mpaka mwaka huu.

Ugonjwa wa mapafu ulithibitishwa mwezi wa Machi 2022. Madaktari walisema ni vumbi la mawe, la miaka mingi. Sikuwauliza miezi saba ile ilichangia kiasi gani, kwa sababu niliogopa jibu, na ninyi mmeshaona ninavyofanya nikiogopa jibu. Alitunzwa nyumbani na maman, kisha hospitalini kuanzia tarehe 19 Septemba mwaka huu. Siku tatu kabla hajatuacha aliniomba nisogee, maana sauti ilikuwa imekwisha.

«Siku ya kunizika, ni wewe utasoma. Utabaambia mambo ya jiwe ya ule maman. Yote. Usikate.»

Nikamwambia, «Papa, nisamehe.»

«Ile nilimaliza zamani. Mimi nasema juu yako.» Alimaanisha nisome kwa ajili yangu mwenyewe.

Marehemu aliaga dunia Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, maman akimshika mkono. Alikuwa na miaka sabini na miwili.

Siku mbili baadaye tulikuwa tunatafuta suti yake. Kwenye sanduku la patasi, lile lililoshuka naye Gare du Midi, nilikuta kitambaa kimefungwa vizuri. Ndani mlikuwa na waya tatu za daftari, zimeungua, nyeusi. Karatasi huteketea, lakini waya hubaki kwenye majivu. Alizikuta kwenye lile jiko la balkoni siku ile ile, kabla hajanipigia simu. Aliponiuliza alikuwa anajua. Alikuwa ananipa nafasi, nami nikamwambia apana. Kisha akamchukua mke wake mpaka Gare du Midi kutafuta kitu ambacho waya zake zilikuwa mfukoni mwake.

Jumanne nilimwonyesha maman zile waya, nikamweleza. Alizishika mikononi.

«Miezi sept nilimukasirikia bure,» alisema. «Na alikubali tu, muzee. Hata siku moya hakunambia.» Halafu akaniambia: «Donc, utasoma. Na mimi nitakaa mbele.»

Hénock, ambaye huniita Ya, yaani dada mkubwa, alikuwa na wasiwasi, na simlaumu. «Ya Cécile, kweli unataka tuchapishe ile? Bantu batasema nini?» Nilimwambia watasema ile iliyo kweli.

Hekalu lilifunguliwa tena mwezi wa Februari 2020. Bi Meenal ametutumia picha, mtaiona ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki. Ukuta wa kaskazini umesimama, kila jiwe kwa jirani yake, na jiwe la Jivi liko mahali pake, shimo likitazama nje. Ametutumia pia ripoti ya kazi. Ukurasa wa thelathini na moja umeandikwa: «Vipimo vya kwanza vya ukuta wa kaskazini vilipotea kwa uzembe wa fundi G. Nday.» Maneno hayo aliyatoa papa mwenyewe. Ripoti hiyo iko kwenye maktaba za watu ambao hawakumjua, na kitu kimoja tu wanachosoma juu yake ni kwamba alikuwa mzembe, yeye aliyechelewesha picha ya harusi nusu saa ili akague msingi wa ngazi.

Nimemwandikia Bi Meenal. Amejibu kwamba ripoti haiwezi kuchapwa upya, lakini watabandika karatasi ya masahihisho kwenye kila nakala, na akauliza iandikwe jina la nani. Nimempa langu. Barua nyingine nimemkabidhi pasteur Élisée asubuhi hii, kwa mwandiko ule ule wa mwaka 2016. Inaliomba baraza lirudishe jina la Ghislain Nday kwenye orodha ya mashemasi, na kulitoa langu kwenye uandishi. Sitawaomba mnisamehe leo. Leo ni siku yake.

Marehemu ameacha mjane, Maman Thérèse Ngoie, dada yake, Maman Bibiane, Kamina, mwana wake Hénock na mkewe Carine, mkwewe Aristote, wajukuu wawili, Hadassa na Océane, marafiki wa karakana, ambao ndio waliomchongea jiwe la kaburi na kulilaza kama lilivyolala ardhini, kijiji cha Nandavadi, na mimi, Cécile, binti yake, niliyezichoma daftari.

Lala kwa amani, papa. Ni mchana, na watu wote wapo. Jiwe lilikuwa kwangu.